Akili Ikitoroka, Irudishe

Ukizungumza na watu kuhusu kutuliza akili, malalamiko ya kwanza huwa hayo hayo: "Nilijaribu. Nikakaa, nikafumba macho, mawazo ndiyo kwanza yakazidi. Mimi mambo hayo siyawezi." Nimeyasikia kwa walimu, kwa wauguzi wanaotoka zamu ya usiku, kwa mafundi, kwa vijana wanaojiandaa na mtihani wa kidato cha sita. Wote wameamini kwamba akili iliyotulia haina kitu ndani yake, kwa hiyo walipokuta yao imejaa wakaona wameshindwa, wakaacha.

Naanzia hapo kwa sababu dhana hiyo imewanyima wengi nafuu iliyokuwa karibu nao. Mawazo hayakuzidi. Yalikuwapo tangu asubuhi kwa wingi huo huo, ila hukuwa umekaa ukayaona. Na hakuna mtu, awe mtawa wa miaka 40 au anayeanza leo, ambaye kazi yake ni kuyafukuza. Kazi ni moja tu: kugundua kwamba akili imeondoka, na kuirudisha pale ulipokuwa umeiweka. Ikiondoka tena, unairudisha tena. Huko kurudisha ndilo zoezi lenyewe, na aliyekaa dakika 5 akairudisha akili yake mara 30 amefanya mazoezi ya kutosha kwa siku hiyo.

Tena kutoroka ni tabia ya akili zote. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti wao katika jarida la Science. Waliwatumia watu 2,250 maswali kwenye simu kwa nyakati zisizotabirika: unafanya nini sasa hivi, unawaza hicho unachokifanya au jambo jingine, unajisikiaje? Katika asilimia 46.9 ya majibu, watu walikuwa wanawaza jambo jingine. Wakati huo walikuwa na furaha pungufu kuliko wakati akili yao iko kwenye shughuli iliyo mbele yao. Kilichonigusa zaidi ni kwamba hata waliokuwa wanawaza mambo mazuri hawakuwa na furaha zaidi kuliko wale waliokuwa wamezama kwenye shughuli iliyo mbele yao. Tunadhani ndoto za mchana zinatupumzisha, kumbe kwa kipimo hicho hazituongezei chochote.

Basi tuanze. Tafuta pa kukaa: kiti cha plastiki, kigoda, hata ukingo wa kitanda. Mgongo uwe wima bila kukakamaa, nyayo ziguse sakafu, mikono juu ya mapaja. Fumba macho, au yashushe yatazame sakafu hatua mbili mbele yako. Tega simu ilie baada ya dakika 5, kisha igeuze kifudifudi. Sasa itafute pumzi yako mahali unapoihisi vizuri. Wengine huihisi puani, hewa ikiingia na ubaridi kidogo na kutoka na joto. Wengine huihisi kifuani, wengine tumboni. Chagua mahali pamoja, ubaki hapo. Usiivute wala kuirefusha, iache iende inavyokwenda, wewe uifuate tu. Ikitoka, hesabu kimoyomoyo: moja. Ikitoka tena: mbili. Ukifika kumi, anza upya.

Kitakachotokea nakijua. Utafika tatu au nne, halafu ghafla utajikuta uko kwenye ada ya muhula wa pili, au kwenye ujumbe ulioufungua asubuhi hujaujibu, au kwenye mchango wa harusi ya binamu ambao mwenyekiti wa kamati ameukumbushia mbele ya grupu zima la WhatsApp. Wakati mwingine utakuta umehesabu hadi kumi na saba bila habari. Sema kimoyomoyo, "nimewaza", rudi kwenye pumzi, anza na moja. Na namna unavyorudi ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ukirudi kwa kujikaripia, "hata kupumua kunanishinda", umeongeza wazo la pili la kukusumbua juu ya lile la kwanza. Irudishe kama unavyomrudisha mtoto anayejifunza kutembea akielekea kwenye jiko la mkaa: unamshika mkono, unamgeuza, basi. Hakuna hotuba wala kofi.

Usingizi ukikujia, fumbua macho na unyooshe mgongo. Mguu ukifa ganzi, usogeze. Ukiwashwa puani, kabla ya kujikuna subiri kidogo uutazame huo muwasho unavyopanda, unavyofika juu, unavyoanza kushuka wenyewe. Ni jambo dogo sana, lakini linakuonyesha kwamba si kila kinachokusukuma lazima ukitii papo hapo, na somo hilo utalihitaji kwenye mambo mazito kuliko pua.

Zoezi hili lina historia ndefu. Wabudha wa Asia wamelifanya kwa zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, mwanasayansi wa baiolojia aliyekuwa amejifunza kwa walimu wa Kibudha, alianzisha kliniki katika shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Worcester, Marekani. Wengi aliowapokea walikuwa na maumivu sugu ambayo tiba ya kawaida haikuwa imeyamaliza. Aliandaa mafunzo ya wiki 8 na kuyatoa kwa lugha ya kitabibu, bila ya dini. Kutoka hapo yameenea hospitalini, shuleni na magerezani katika nchi nyingi, na tangu mwaka 2004 miongozo ya tiba nchini Uingereza imekuwa ikiyapendekeza, kwa namna iliyorekebishwa, kwa watu ambao sonona huwarudia mara kwa mara.

Hapo msomaji mwenye imani yake huuliza: je, hii si dini nyingine inayoingizwa kimyakimya? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba kufuata pumzi ni kuelekeza usikivu, na katika zoezi nililolieleza hakuna anayeombwa wala kuabudiwa. Zaidi ya hapo, tatizo linalolengwa waumini wanalijua vizuri. Mwislamu anajua tofauti ya swala yenye khushui na ile ambayo mwili umesimama msikitini huku moyo uko dukani unahesabu mauzo. Mkatoliki anajua jinsi midomo inavyoweza kumaliza tendo zima la rozari yeye mwenyewe hayupo. Uwezo unaoujenga kwenye kigoda ndio huo huo utakaokwenda nao kwenye mswala au kanisani. Na anayeona moyo wake bado unasita aache pumzi, aende moja kwa moja kwenye kazi za mikono, ambazo naanza kuzieleza sasa.

Katika mafunzo ya Kabat-Zinn, somo la kwanza ni kula zabibu kavu moja polepole, ukiitazama, ukiinusa, ukiizungusha mdomoni kabla ya kuitafuna. Kwetu mimi napendekeza mchele. Mchele unaopimwa kwa kilo sokoni, hasa ule uliotoka kwenye mashine ya kijijini, bado una chuya, vijiwe na vumbi la pumba, kwa hiyo lazima uchambuliwe, na ni kazi ambayo karibu kila mtu huifanya huku akili iko pengine.

Mwaga vikombe viwili kwenye sinia. Kaa penye mwanga, zima redio na televisheni. Kabla hujagusa, tazama. Utaona rangi si moja: zipo punje zinazopitisha mwanga kama kioo na nyingine zenye doa jeupe katikati, chenga zimejikusanya ukingoni. Inama unuse. Mchele wa Kyela unanukia hata kabla ya kuona moto. Sasa vuta kwa vidole safu nyembamba kutoka kwenye rundo kuja upande wako, uisikie ikikwaruza sinia, uhisi unga mweupe unavyoshika ncha za vidole. Macho yatangulie vidole. Chuya ni rahisi, ganda lake la kahawia linajitangaza. Kijiwe ndicho kigumu kwa sababu kina rangi ya mchele na ukubwa wa mchele, na kinachokifichua mara nyingi ni kwamba hakina ncha.

Akili ikitoroka hapa, sinia itakuambia. Mikono inajua kazi, itaendelea kuvuta yenyewe, lakini ukirudi na kutazama upande uliokwisha kuchambua utaikuta chuya imepita mbele ya macho yako wazi. Sijui zoezi jingine linalompa mtu jibu la wazi namna hiyo. Iondoe, urudi kwenye safu uliyokuwa unavuta. Vikombe viwili ni kazi ya dakika kumi hivi, na chakula nacho kimepata faida. Wanaume nao wakae kwenye sinia. Katika nyumba nyingi kazi hii imeachiwa akina mama na mabinti, tena wakiwa wamechoka, na kumwambia mtu aliyechoka aifanye kwa utulivu wakati wengine wanatazama mpira ni kumwonea.

Kama mchele wako unakuja kwenye mfuko ukiwa safi, zipo kazi nyingine. Thich Nhat Hanh, mtawa wa Vietnam aliyefariki mwaka 2022, aliwafundisha wanafunzi wake kuosha vyombo kwa ajili ya kuosha vyombo, badala ya kuosha ili wamalize. Kupiga pasi kunafaa. Kumenya vitunguu kunafaa. Kutembea kutoka kituoni hadi nyumbani kunafaa sana, ukiusikia unyayo ukigusa ardhi, kisigino kwanza.

Mahali ambapo uwezo huu una kazi kubwa kuliko kote ni kwenye hasira na hofu, na hapa nataka kukaa kidogo.

Saa 3 usiku umeketi na wanao. Bosi anaandika kwenye grupu la ofisi: "Nani aliandaa hii ripoti?" Jina lako halijatajwa ila kila mtu anajua ni wewe. Kabla hujawaza lolote mwili umeshajibu: masikio yamepata moto, taya limekaza, tumbo limejikunja, kidole kimeshaanza kuandika. Adrenalini imemwagika kwenye damu, moyo unakimbia, na akili imebaki na njia mbili tu, kupigana au kujificha. Katika hali hiyo watu huandika maneno ambayo hayafutiki hata ukiyafuta.

Iweke simu mezani. Katika kelele yote hiyo ya mwili, pumzi ndiyo sehemu unayoweza kuishika kwa hiari yako. Moyo huongeza kasi kidogo unapovuta hewa na huipunguza unapoitoa, kwa kazi ya neva ya vagasi inayotoka kwenye ubongo kwenda moyoni na tumboni. Kwa hiyo hapa, tofauti na lile zoezi la kukaa, iongoze pumzi: vuta kwa hesabu ya nne, toa taratibu kwa hesabu ya sita hadi nane, mara tano au sita. Hisi nyayo zako zilivyogusa sakafu. Kisha ipe jina hisia iliyopo: hii ni aibu, na chini yake kuna woga wa kupoteza kazi. Kutaja huko kuna msingi. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha kwamba watu wanapoitaja kwa neno hisia wanayoiona kwenye picha ya uso, shughuli hupungua katika amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hatari.

Halafu jiulize kama lazima ujibu usiku huu. Mara nyingi si lazima. Na ikiwa ni lazima, utajibu ukiwa unajua unachotaka kusema. Nasisitiza hili kwa sababu wapo wanaodhani kutulia ni kunyamazia uonevu. Dada anayebughudhiwa kazini, mpangaji anayepandishiwa kodi kinyume cha mkataba, wana haki ya kudai, na madai ya mtu aliyeshusha pumzi kwanza huwa na mpangilio, huwa na tarehe, huwa na ushahidi.

Sasa umakini kazini. Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, amepima kwa miaka mingi muda ambao mtu hukaa kwenye skrini moja kabla ya kuhamia nyingine. Mwaka 2004 ulikuwa kama dakika 2 na nusu. Katika vipimo vya miaka ya karibuni wastani umekuwa sekunde 47. Na mara nyingi anayetukatiza si mtu mwingine, ni mkono wetu wenyewe unaoifuata simu ambayo haikulia. Mshika mbili moja humponyoka, na sisi tumeshika tano.

Kwa hili sitakudanganya kwamba kukaa na kufuata pumzi kunatosha. Kinachosaidia haraka ni kuiondoa simu machoni. Ipeleke chumba kingine kwa nusu saa. Kama huwezi, maana una mzazi mgonjwa au biashara, zima data na uache simu za kawaida ziingie. Anayekutafuta kwa dharura atapiga. Anayepokea oda kwa WhatsApp awashe data kila baada ya nusu saa, ajibu zote, azime tena. Weka karatasi kando yako. Kila wazo linalokuita ("sijanunua umeme", "nimpigie shangazi") liandike kwa maneno mawili, urudi ulipokuwa. Ni ile ile kazi ya kurudisha, safari hii ukiwa na kalamu.

Usiku, kwa anayelala macho wazi, peleka usikivu mwilini kuanzia vidole vya miguu, nyayo, vifundo, magoti, ukipanda taratibu hadi utosini, ukihisi kila sehemu ilivyo bila kujaribu kuilegeza. Usilifanye zoezi hili kuwa mtihani wa kupata usingizi. Usingizi ukija, vizuri. Usipokuja, angalau mwili umelala.

Niseme na mipaka, kwa sababu mambo haya huuzwa siku hizi kama dawa ya kila kitu. Mwaka 2014 jarida la tiba la JAMA Internal Medicine lilichapisha mapitio ya majaribio 47 ya kutafakari yaliyohusisha watu 3,515. Nafuu ya wastani ilionekana kwenye wasiwasi, sonona na maumivu. Kwenye umakini na usingizi ushahidi haukutosha. Ndiyo sababu juu ya umakini nimekupa simu na karatasi kwanza. Jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2022 na kuongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Georgetown, lilihusisha watu 276 wenye maradhi ya wasiwasi: wengine walipewa mafunzo ya wiki 8, wengine dawa ya escitalopram, na matokeo yakawa karibu sawa. Lakini wale wa mafunzo walikuwa na mwalimu na walitakiwa kufanya mazoezi ya dakika 45 kila siku nyumbani. Mtu anayemeza dawa za daktari asiziache kwa sababu ya makala hii.

Kwa baadhi ya watu kufumba macho kunafungua yaliyofungwa. Waliopitia vita, kubakwa, kipigo cha nyumbani au ajali mbaya wanaweza kukaa kimya mara moja na picha zikarudi zote. Ikiwa ni wewe, acha macho wazi, weka usikivu kwenye sauti za nje au kwenye nyayo zako, fupisha muda, na ukiona inazidi, simama uache. Hujashindwa kitu. Nenda kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya mkoa, au kwa mshauri unayemwamini. Mwenye pumu naye anaweza kupata hofu akiikazia macho pumzi yake. Nyayo zinamfaa zaidi.

Na yapo mambo ambayo hayatibiwi kwa pumzi hata kidogo. Kodi ya nyumba haipungui kwa kuhesabu pumzi. Mwajiri anayewaletea wauguzi semina ya utulivu badala ya kuongeza watu kwenye zamu anawabebesha mzigo ambao ni wake, na naomba wauguzi wamwambie hivyo.

Ili zoezi lidumu, lifunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya. Baada ya swala ya alfajiri kabla hujanyanyuka. Maji ya chai yakiwa jikoni. Kwenye gari ukishafika kazini, kabla ya kushuka. Bila kigingi cha namna hiyo utalisahau ndani ya wiki. Ukikosa siku tatu, usilipe deni kwa kukaa saa nzima Jumapili. Anza na dakika 5 zako siku hiyo hiyo uliyokumbuka. Zikizoeleka, ongeza ziwe kumi.

Maendeleo usiyapime kwa utulivu wa zile dakika. Zipo siku utakaa kichwa kikiwa na vurugu mwanzo hadi mwisho, na siku hizo zinahesabiwa kama nyingine. Pima nje ya zoezi. Dalili ya mapema ni kuligundua taya lililokaza kabla hujajibu, pale ambapo zamani uligundua baada ya kujibu. Nyingine ni kumaliza sahani ya chakula ukiwa unaweza kusema kilikuwa na chumvi kiasi gani. Nyingine ni mtoto kukuhadithia ugomvi wa shuleni hadi mwisho, na wewe kuweza kumuuliza swali linalotokana na alichosema. Waulize na unaoishi nao baada ya mwezi mmoja au miwili, maana wao kwa kawaida huwa wameona kabla yako.